Kamba Mahali pa Chuma

Kisu kilikuwa kimetundikwa mahali ambapo mtu mwenye nia njema hatundiki kisu: ndani ya sanduku la mnyororo, mbele kabisa, kwenye omo ya mashua, ala yake imepigiliwa ubaoni kwa misumari miwili. Mhunzi alikichomoa, akakipitisha juu ya ukucha wa kidole gumba. Kilikuwa kimenolewa juzijuzi.

Alikuwa ameingia humo kukagua kazi yake mwenyewe. Kiungo kilichoshikanisha nanga na mnyororo alikifua yeye, akakaza pini yake, akaipitishia waya isije ikajifungua majini. Huko kila kitu kilikuwa salama. Lakini alipoufuata mnyororo hadi mwisho wake wa ndani, pale unaposhikamana na mashua yenyewe, aliinama atazame vizuri. Kiungo cha chuma kilichokuwapo tangu enzi za marehemu baba yake hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na kamba, pima mbili hivi, iliyosokotwa kwa ustadi katika pete ya mwisho ya mnyororo.

Kamba, na kando yake kisu.

Mashua ilikuwa ya watu wawili: yeye mhunzi, na mdogo wake nahodha. Baba alipokuwa akikata roho alimshika mhunzi mkono, akamwapisha kwamba chombo hicho hakitapotea mikononi mwa wanawe. Nahodha, kwa upande wake, hakuficha kwamba mashua imemchosha. Mwaka mzima alisema, "Kaka, tukiache hiki kikongwe, tuunde kipya," na mwaka mzima alijibiwa hapana. Sasa mhunzi aliliona jambo lote kana kwamba limeandikwa ubaoni. Mashua ikipasukia miambani, nani atamlaumu nahodha? Kamba ilikatika, basi.

Alikirudisha kisu, akashuka gatini. Alimkuta mdogo wake ameinamiana na mshona matanga, mzee mwembamba ambaye watu walimwita Sindano. Walikuwa wakicheka. Walipomwona, wakanyamaza.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mbona mmemeza ndimi? Endeleeni."

"Tulikuwa katika habari za kamba," alisema Sindano, "nawe ukisikia kamba hupandwa na homa."

"Kamba ni ya kuanikia nguo."

"Mnamsikia? Huyu angeachiwa, hata vifungo vya shati angevifua kwa nyundo!"

Wachukuzi waliokuwa karibu waliangua kicheko. Mhunzi hakucheka. Alimkazia mdogo wake macho. "Huna neno la kuniambia juu ya chombo?"

Nahodha alijisugua kiganja. "Ninalo. Lakini leo umeamka vibaya, kaka. Nitakwambia ukipoa."

Mtu asiye na hatia husema papo hapo. Ndivyo mhunzi alivyolelewa, na hakuwa tayari kuamini vinginevyo.

Alasiri ile ile, nahodha alipokwenda nyumbani kula, mhunzi alipanda mashuani na mfuko wake wa kazi. Akaikata kamba kwa kisu kile kile. Akaweka kiungo kipya, kinene kuliko cha zamani, akakaza pini kwa koleo, akaizungushia waya mara tatu. Kisha akaiponda ncha ya pini kwa nyundo, hata isiweze kufunguka ila kwa tupa na nusu siku ya kazi. Kisu akakitia mfukoni mwa koti. Hicho kingekuwa ushahidi wake mbele ya jamaa.

"Umemwuliza mwenyewe?" mkewe alimwuliza usiku wakati wa chakula, alipokwisha kusimuliwa kisa chote.

"Mwizi huulizwa?"

"Ni mdogo wako, baba watoto. Hata habari ya kamba tu umeshindwa kumwuliza?"

"Nitamwuliza Jumapili, jamaa wote wakiwapo."

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, upepo uligeuka ghafla. Nahodha alikuwa peke yake mashuani, ametia nanga mbali kidogo na gati. Upande ulikotoka upepo, tishali kubwa la chuma lililosheheni mawe lilikatika kwenye maegesho yake, likaanza kuja ubavuubavu, bila mtu ndani, likiielekea mashua moja kwa moja. Watu gatini wakapiga ukelele.

Nahodha alikwisha kuliona. Alipandisha tanga, akaukimbilia mnyororo, akaufungua pale ulipozuiwa sitahani. Mnyororo ukaanza kuporomoka majini kwa ngurumo.

"Kwa nini haing'oi nanga?" mhunzi alisema, sauti ikimkatika. "Kwa nini haing'oi?"

"Aing'oe kwa muda gani?" Sindano alikuwa kando yake, ametulia kama anayetazama upindo wa shati. "Usihofu, mhunzi. Mwache amwage mnyororo wote. Mwisho wake itapanda ile kamba niliyomsokotea. Ataikata kwa pigo moja, na tanga litamtoa. Nami nilimwambia kisu akitundike pale pale, asije akakitafuta. Wewe tulikuficha kwa kuwa ungetutukana hadi kiyama."

Mhunzi alisogea hadi ukingoni mwa gati.

Mnyororo ulikwisha kwa kishindo, na omo ya mashua ikainama. Tishali lilikuwa limekaribia kiasi cha kutupa jiwe. Nahodha alipiga magoti, akaingiza mkono sandukuni, akapapasa ubaoni. Akapapasa tena. Kisha akauingiza mkono ndani zaidi, hadi begani, na alichokigusa huko chini kikamfanya ainue uso polepole na kutazama gatini.

Mkono wa mhunzi ulikuwa umekwisha kuingia mfukoni mwa koti, umeushika mpini wa kisu.