Mkanda wa Tambo

Mbwa wote wananipenda, hilo halina mjadala. Siku hizi wanazungumza kupitia mkanda wa shingoni, na mtoto wa mbwa akitimiza mwaka humtaja mwenyewe bwana wake.

Mkanda wa Tambo, mtoto wa mbwa wetu, kila saa ulisema, "Tunu." Huyo dada yangu humwogesha kwa shubiri, kwa sababu akila kuku ngozi inamwasha. Humkuna mpaka alale. Mimi, Shomari, hata salamu sipati.

Asubuhi ya kumtaja bwana wake, Tambo aliamka masikio yamevimba, anajikuna mpaka manyoya yanatoka.

"Nani kakupa kuku?" Tunu aliuliza, macho kwangu.

"Ni jirani," nikasema.

"Kaka Shomari," mkanda ukajibu. Tambo akajikuna tena. "Namtaja Shomari. Paja lingine liko wapi?"