Taa Juu ya Cherehani

"Vua hicho kitambaa, wageni wanakuja," msimamizi aliniambia.

Nilikuwa nimekifunga kichwani kwa nguvu kwa sababu kipandauso kilikuwa kinanipasua jicho la kushoto. Juu ya cherehani yangu taa ndefu ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Wiki ya tatu namwomba aibadilishe.

"Kichwa kila mtu anacho, dada. Acha kudeka."

Kudeka! Mimi niliyetapika chooni asubuhi, nikanawa uso, nikarudi kushona kola arobaini!

Nilipanda juu ya meza. Chumba kizima kikazunguka. Nikaing'oa ile taa, nikashuka, nikamkabidhi ikiwa bado ina joto.

"Kaa nayo wewe."

Nikakaza fundo la kitambaa. Nyuma yangu, meza nyingine ikalia kwa uzito wa mshonaji mwenzangu anayepanda kuifikia taa yake.