Rungu Lenye Jina la Mama

Siku hizi kila mtoto akizaliwa hupandiwa mti, na milango humtambua mtu kwa mti huo, si kwa sura. Na mti ukichongwa, wazazi mnisikie, jina la mwenyewe huhamia kwenye kilichochongwa. Atupele alilijua hilo, na bado aliuangusha wake, maana bintiye Tusekile aliitwa timu ya taifa ya besiboli na hakuwa na rungu.

"Mama, nitaazima."

"Cha kuazima hakisitiri, mwanangu."

Gogo lilipokauka, akalifunga kwenye mashine ya kukerezea. Alilinenepesha kichwani, akalikondesha shingoni, akaacha kifundo mwishoni ili mkono usiteleze.

"Nikipiga, hutaumia?"

"Nilikuzaa wewe, mpira utanifanya nini? Piga!"

Wiki nzima ya mashindano, Atupele aliuwekea mlango jiwe usijifunge. Tusekile aliporudi na kombe, mama alimpokea barabarani kwa vigelegele. Binti akatangulia kuingia, rungu begani, na kwa furaha akalipiga teke lile jiwe.

"Karibu, Tusekile. Karibu, Atupele," mlango ukasema, ukajifunga.

Atupele akabaki nje. "Fungua! Mimi ndiye Atupele."

"Atupele yumo ndani. Wewe ni nani?"

Kule ndani Tusekile alivuta kitasa mpaka akalia, lakini asiye na jina akiwa kizingitini, mlango haufunguki hata kwa mwenye jina.

Atupele akakaza kanga kiunoni. "Mwanangu, shika rungu. Uvunje huu mlango."

"Na likivunjika rungu, Mama?"

Atupele akasogea kando ya mlango.

"Piga," akasema.