Chiriku Kwenye Bomba

Chiriku alikuwa wake, hata ule mkia uliokatika ncha. Lakini chini ya mchoro, kwenye skrini ya mwalimu wa usanifu, lilisomeka jina la Herufi.

Penseli aliisogelea skrini akalisoma tena. Darasa zima liliwaita Penseli na Herufi kwa kuwa yeye alichora na mwenzake alibuni maandishi. Tangu kidato cha kwanza walikuwa chanda na pete, kompyuta moja, kiti kimoja na nusu. Sasa studio kubwa ya mjini ilitaka mwanafunzi mmoja tu wa kwenda kujifunza kazi huko: atakayeshinda kwa bango la maji safi.

"Herufi ameuleta asubuhi," mwalimu alisema kwa upole. "Nikashtuka. Mkono wako naujua."

"Namfuata sasa hivi."

"Usithubutu, mwanangu, atafuta kila kitu. Niletee faili halisi, lenye matabaka yote, kila mstari na kila rangi peke yake. Picha ya juu juu kila mtu anaweza kuwa nayo. Matabaka anayo aliyechora."

Sweta aliyovaa Penseli ilikuwa ya Herufi. Akaivua hapohapo mlangoni.

Mchana alimkabidhi mwalimu flashi yenye faili hilo, naye akaifungia kwenye droo na kumwahidi kwamba haki yake haitapotea.

Wiki tatu hawakusemeshana. Herufi alihamia kompyuta ya dirishani, na wakikutana mlangoni alikuwa wa kwanza kugeuza uso. Kumbe hata mwizi hununa, Penseli alijisemea, na hilo lilimuuma kuliko wizi wenyewe. Kisha mwalimu akaacha kazi ghafla, na habari za mashindano zikafa kimyakimya.

Jumatatu moja, ng'ambo ya geti la shule, mafundi walikuwa wanamalizia kubandika bango refu kama ghorofa mbili. Chiriku wake alikuwa anakunywa kwenye bomba, kila unyoya umekaa mahali pake. Chini yake Herufi alisimama akilia.

"Sasa unalia nini?" Penseli alimuuliza kwa hasira. "Si umeshinda?"

"Nimeshinda nini?" Herufi alinyoosha kidole kwenye maneno yaliyomiminika kutoka mdomoni mwa bomba. "Maandishi yale ni yangu. Mwalimu alinionyesha yana jina lako, akaniambia nimpelekee faili halisi."