Soma Mpaka Sahihi

"Soma kwa sauti," Risasi alisema, akaitupa bahasha juu ya boneti. "Soma yote, mpaka sahihi. Nataka wenzako wakusikie."

Karakana nzima iligeuka kutazama. Dada wa matairi akazima mashine ya kujazia upepo. Mjomba alitoka chini ya gari taratibu, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Hakuwa mjomba wa mtu yeyote pale. Alikuwa fundi mkuu, lakini timu nzima ilimwita hivyo, na Risasi ndiye aliyeanza. Kwa miaka minane Mjomba alimtengenezea gari la mashindano. Kabla ya kila mbio aliweka kiganja juu ya boneti, akafumba macho, akaomba dereva wake arudi mzima. Na Risasi, ndani ya helmeti, alijibu, "Amina."

Asubuhi ile simu ya Risasi ilikuwa imelia. Timu kubwa, ile yenye magari mapya na daktari wake yenyewe, ilikuwa imemkataa.

"Kipaji chako hakina ubishi," mkaguzi wao alimwambia. "Umeanguka kwenye tabia, na kwenye uhusiano wako na timu. Hatukuokota maneno barabarani. Tunayo maandishi yaliyotoka humo humo karakanani kwenu. Pitia mapokezi uchukue nakala."

Fomu yao ya kupimia watu Risasi aliijua vizuri. Maswali matatu: kipaji, tabia, uhusiano na timu. Maksi kumi kila moja, na mistari michache ya maelezo. Wiki mbili zilizopita mkaguzi alikuja akampa mtu mmoja tu aijaze. Mjomba.

Kwa hiyo bahasha hakuifungua. Ya nini kuhangaika? Aliyeandika na asome mwenyewe.

Njia nzima alikuwa akijihesabia wema aliomtendea mzee yule. Alikumbuka hata mwaka ule, miaka mitatu nyuma, Mjomba mwenyewe alipotakiwa na timu hiyo hiyo. Mzee alifua ovaroli, akanyoa ndevu, akatembea na simu mfukoni wiki nzima, na simu haikulia. Nani alikaa naye? Risasi. Nani alimmiminia chai, maana mzee huyo hajawahi kuonja hata bia, akamwambia, "Mungu anajua zaidi, Mjomba. Labda anataka ubaki na sisi"? Risasi huyu huyu. Msimu uliofuata wakachukua kombe pamoja.

Na leo shukrani yake ndiyo hii.

"Mwanangu, hebu kaa kwanza," Mjomba alisema.

"Mimi si mwanao. Soma."

"Wewe Risasi," dada wa matairi akaingilia, "mzee anaongea nawe kwa adabu halafu unambwekea? Umekula nini leo?"

"Nimekula usaliti, dada. Na bado sijashiba."

Mjomba alivaa miwani yake, ile iliyofungwa waya upande mmoja. Akaichana bahasha kwa kidole. Ndani mlikuwa na karatasi mbili. Akaanza na ya juu.

"'Anayepimwa: dereva. Kipaji: kumi. Anasikia gari linaugua kabla sisi mafundi hatujajua.'" Alisita, kama mtu anayeona haya kusikia maneno yake mwenyewe. "'Tabia: kumi. Ana hasira za haraka, lakini zikimtoka huja kuomba radhi. Uhusiano na timu: kumi. Akiondoka tutalia. Mchukueni hata hivyo.'"

Dada wa matairi alipasuka kicheko. "Haya, kesi iko wapi? Kumi, kumi, kumi! Mimi hata shuleni sikuwahi kupata hizo."

Risasi alisogea akaitazama karatasi. Sahihi ilikuwa ya Mjomba, na kando yake kulikuwa na alama ya kidole chenye grisi. Aibu ilimshika. Njia nzima alikuwa amemtukana mzee huyu moyoni, kwa maneno ambayo hata kutubu ingebidi ayarudie kwa kunong'ona. Alifungua mdomo aombe radhi.

"Iko ya pili," Mjomba alisema, akaigeuza iangaliane na mwanga wa mlangoni. "Fomu ni ile ile. Ila tarehe ni ya miaka mitatu iliyopita."

Risasi alinyoosha mkono aichukue.

"'Anayepimwa: fundi mkuu.'" Mjomba akainua macho, akatabasamu kidogo. "Kumbe hii ni ya kwangu mimi."

"Basi, Mjomba. Inatosha. Nimeelewa."

"'Kipaji: kumi,'" Mjomba alisoma. "'Tabia: mbili. Anakunywa kwa siri, hata siku za mashindano.'"

Tabasamu lilikuwa limemtoka. Sauti yake haikupanda wala haikushuka. Ilikuwa ile ile aliyoombea juu ya boneti.

"'Uhusiano na timu: sifuri. Wenzake tunamvumilia tu. Mimi mwenyewe, kila ninapokanyaga breki alizozifunga yeye, nahofia maisha yangu.'"

"Mjomba, nakuomba. Nipe hiyo karatasi."

Dada wa matairi hakucheka tena. Mjomba alisogeza miwani, akaishika karatasi kwa mikono miwili. Alikuwa ameambiwa asome yote, mpaka sahihi, na kilichobaki kilikuwa sahihi tu.