Kamera Yenye Shingo

Kamera ya jikoni iligeuza shingo, ikanitazama nikichota kijiko cha tatu cha sukari.

Binti yangu ndiye aliyeifunga, anichunge kwa simu akiwa kazini. Kila asubuhi naisalimia, "Umeamkaje, mwanangu?" nayo hunigeukia kama inaitikia. Nikaizoea, nikaipenda.

Nikampigia. "Haya, mpelelezi, umenikamata. Kijiko kimoja tu."

"Kijiko gani, mama?"

"Si unanitazama?"

"Mama, hiyo kamera sijaigusa wiki nzima. Na bado ina namba ya siri ile ile ya kiwandani. Yeyote anaweza kuingia."

Ikageuka tena, polepole, ikafuata mkono wangu.

Nikaifunika kwa sufuria. "Anayetaka kunitazama na aje kuposa kwanza!"

Binti akacheka, sauti ikimtetemeka. "Mama, nakuja sasa hivi."

"Njoo, mwanangu, lakini leo ubishe hodi."

Sikumwambia kwa nini. Jana, kwa kumwonea huruma akija amechoka, niliiambia ile kamera mahali ninapoficha ufunguo wa akiba, nikidhani ni yeye anayenisikia.

Nikajikokota hadi mlangoni, nikainua chungu cha maua nione kama ufunguo bado upo.