Presha ya Kitanda cha Saba

Shangazi alikaza mpira wa presha mara ya tatu, akatega sikio. Kimya. Akabonyeza kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Hakuna. Kwa mkono ule mtu angekwisha kufunikwa shuka, ila mwenyewe alikuwa ameketi anatafuna mkate.

Walimwita Shangazi kwa sababu chuoni kwao hapakuwa na mwanafunzi wa uuguzi mwenye wajukuu isipokuwa yeye. Jana alimwogesha mtoto aliyekwisha kuogeshwa. Sista mkuu akamwambia wazi kwamba kosa moja tena, arudi kwake akalee kuku.

Mgonjwa alikuwa na mimba ya miezi minane. Aliegemea mito mitatu, miguu imeumuka kama unga uliotiwa hamira, akipumua kwa mafungu. Uzazi wa kwanza, alisema, nusura aache roho. Faili lake, alisema, mume alikuwa amelifuata nyumbani. Tangu asubuhi wauguzi wanne walikuwa wamempima, mkono uleule wa kushoto aliowanyooshea, na wote wanne waliandika mia na kumi kwa sabini, kama waliopewa jibu mlangoni.

“Wenzako hata nusu dakika hawakukaa,” alisema mama mkwe wa mgonjwa, aliyejaa kwenye kiti cha pembeni. “Wewe unapima presha au unaposa?”

Kitanda cha sita wakacheka. Shangazi akaishika kalamu. Mia na kumi kwa sabini, nani angejua? Akawafikiria wale kuku, mmoja mmoja, hasa yule jogoo mwenye kisirani.

Sista mkuu akasimama nyuma yake. “Andika tuondoke.”

“Siandiki, Sista. Sijasikia kitu.”

“Wanne wamesikia.”

“Basi wana masikio. Mimi sina.”

Sista mkuu akamwambia avue sare, akaiache stoo, na asisahau kurudisha saa ya wodi.

Mgonjwa akaacha kutafuna. Akainua tako moja taratibu, akachomoa faili alilokuwa amelikalia tangu asubuhi. Juu yake daktari wa moyo alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: MKONO WA KUSHOTO MSHIPA UMEZIBA, HAUNA MAPIGO. PIMA MKONO WA KULIA. UZAZI ULIOPITA MOYO ULISHINDWA.

Mama mkwe akalipangusa makombo, akampa Shangazi.

“Tumempata mkweli, mwanangu,” akamwambia mkwewe. “Sasa zaa.”